Nauli ya Aliye Hai

Kwenda na kurudi hatukujifunzia Minnesota. Waingereza walianzisha mji wa Kisii mwaka 1907, kodi ya nyumba ikafuata, na wanaume wakalazimika kutafuta fedha mbali. Brooke Bond na Finlay walipofungua mashamba ya chai Kericho katika miaka ya 1920, vibarua wengi walitoka kwetu. Babu yangu alichuma chai huko. Bibi alibaki nyumbani akilima wimbi, na watoto wao wote walizaliwa miezi tisa baada ya likizo.

Minneapolis ilipindua mpango huo, maana huko wanawake ndio walioshika kazi upesi. Waliotangulia walikwenda kusoma. Kufikia 1995 Waafrika wa pale walikuwa na gazeti lao, Mshale, na Wakisii tulizidi kujazana Brooklyn Park na Brooklyn Center, kaskazini mwa jiji. Sheria ya Marekani ilidai angalau saa 75 za mafunzo ili uwe msaidizi wa wauguzi. Ukimaliza, unakesha na wazee Minneapolis, na kukipambazuka unakwangua barafu kwenye kioo cha gari uwahi zamu nyingine Saint Paul. Kwa mishahara hiyo dada mmoja aliweza kusomesha ukoo mzima.

Jumamosi ilikuwa siku ya harambee: karo, bili za hospitali, lakini hasa misiba. Kusafirisha maiti hadi Nyamira hugharimu maelfu ya dola, nasi tulitoa bila kunung'unika, kwa sababu Mkisii hazikwi ugenini. Basi marehemu alichangiwa nauli. Aliye hai akisema anarudi, watu walinong'onezana: amefutwa kazi, au ni mambo ya makaratasi?

Katiba ya 2010 ilipunguza hofu kwa kuruhusu uraia wa nchi mbili. Kabla yake, aliyeapa kuwa Mmarekani alipoteza Ukenya wake. Binti naye alikwisha kutambuliwa na Sheria ya Urithi tangu 1981, ila sheria haikai boma moja na kaka zako. Sikutaka kesi. Nilinunua ploti Keroka.

Kilichonirudisha ni kiharusi cha mama. Nilikuta kaka zangu wakimnyanyua kwa makwapa kama gunia la mahindi. Nikawaonyesha: shika bega na nyonga, mgeuze ubavu, kunja shuka safi nusu, uisukume hadi mgongoni, mgeuze ubavu wa pili, kisha ivute.

"Nani alikufundisha, mwanangu?"

"Wazee wa Kizungu, mama. Kila usiku."

Sasa nina duka la vifaa vya wagonjwa: glovu, magongo, viti vya magurudumu vya mtumba. Kinachotoka zaidi ni nepi za watu wazima, ingawa mwanaume mzima ataulizia kwanza bei ya dawa ya meno ndipo azitaje. Wengi wametumwa na dada zao walio ng'ambo. Akifika kaunta, M-Pesa imeshaingia, na ujumbe wa WhatsApp kutoka Brooklyn Park umeshanieleza saizi.