Wataalamu wa Nyota Walipozikimbia Taa za Mji

Sisi wa Palma na Mocímboa da Praia mwezi mwandamo tunautazamia ufukweni. Wataalamu wa falaki hupendelea milimani, maana huko hewa ni nyepesi na kavu, na nyota hazitikisiki sana machoni.

Jambo hili si geni kwetu Waislamu. Mwaka 1259 Nasir al-Din al-Tusi alianza kujenga kituo chake juu ya kilima cha Maragha, Uajemi, kikiwa na maktaba, na gharama zikilipwa kwa mapato ya wakfu.

Kwa jirani zetu Afrika Kusini, kituo cha Cape Town kilianzishwa 1820, na cha Johannesburg 1903. Miji ikakua, taa zikaufuta usiku. Mwaka 1972 vikaunganishwa, na darubini zikapelekwa Sutherland, kwenye nyanda kavu za Karoo, karibu mita 1,800 juu ya bahari. Baridi ya huko, enyi watu wa pwani, msiiombe! Hata darubini ya Pretoria yenye kioo cha mita 1.9 ilifunguliwa na kufungwa upya hapo.

Faida yake ni kwamba mgeni akileta darubini yake hakati barabara mpya wala havuti umeme wake peke yake. Ndivyo ilivyowezekana SALT, iliyozinduliwa 2005 ikiwa na kioo cha vipande 91, kwa fedha za washirika wakiwemo Wapoland, Wajerumani na Wahindi. Mwaka 2007 ikatungwa sheria ya kulilinda giza lenyewe.

Msumbiji nayo imo katika nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini kwenye mradi wa SKA, darubini za redio zinazojengwa Karoo hiyo hiyo.