Kituo: pale muziki unapotua

Chuo Kikuu cha Howard, jijini Washington, hufundisha Kiswahili na hufundisha piano. Lakini anayetaka kuzungumzia utunzi wa piano kwa Kiswahili, awe pale chuoni au katika kwaya za Watanzania na Wakenya wa Maryland na Virginia, hukosa neno mapema sana. Mwanafunzi anayejaribu kutunga kwa mtindo wa Haydn na Mozart kwa kawaida hutafuta kwanza sauti tamu ya kuanzia. Akiipata, hukwama baada ya vipimo vitatu au vinne, kwa kuwa hajui sauti hiyo inaelekea wapi. Kipaji anacho. Asichokijua ni kile ambacho vitabu vya muziki hukiita kadensi: mwendo mfupi wa mafungu ya sauti unaoliambia sikio kwamba kifungu kimefika mahali. Jina lake kwa Kiswahili liwe kituo, na hapo ndipo mafunzo ya utunzi yaanzie.

Neno la Ulaya limetokana na Kilatini, cadere, yaani kuanguka, kwa sababu sauti ya uimbaji wa kale ilishuka mwishoni. Kiswahili kina kitenzi kinachobeba kushuka na kupumzika kwa pamoja: jua hutua, ndege hutua, mchukuzi hutua mzigo. Washairi huita kituo mshororo unaofunga ubeti, na msemaji mtulivu husema kwa kituo. Kutoka hapo aina zake hupata majina bila taabu. Fungu la so-ti-re likiingia do-mi-so, hicho ni kituo kamili. Kifungu kikiishia kwenye so-ti-re, sikio likabaki linangoja, ni kituo nusu. Fa-la-do kwenda do-mi-so ni kituo cha Amina, ambacho kila mwanakwaya amekiimba mwishoni mwa tenzi. Na pale so-ti-re inapoahidi do-mi-so kisha ikaleta la-do-mi, ni kituo cha hadaa.

Tazama mwanzo wa Sonata ya Mozart katika A, ile yenye namba K. 331. Vipimo vinne vya kwanza vinaishia kwenye re, juu ya fungu la so: kituo nusu. Kipimo cha tano na cha sita vinarudia cha kwanza na cha pili vilevile, kana kwamba hakuna jipya la kusema. Kisha mwendo unageuka kidogo, na kwenye kipimo cha nane sauti inashuka mi, re, do: kituo kamili. Nusu ya kifungu cha pili ni marudio, na bado msikilizaji anahisi amesafirishwa, kwa sababu miisho miwili imetofautiana. Mwanafunzi akiandika miisho hiyo kwanza, kipimo cha nne na cha nane, kisha akajaza kati, atamaliza vipimo vinane siku hiyohiyo. Vitakuwa vya kawaida, lakini vitasimama.

Wapo watakaosema kadensi latosha, kwa kuwa ndilo neno la dunia. Tatizo ni kwamba wanamuziki wana pia kadenza, ile sehemu ya utunzi wa piano na okestra ambapo okestra hunyamaza na mpiga piano akaonyesha ufundi wake peke yake. Kumpa mwanafunzi kadensi na kadenza kwa pamoja ni kumchanganya bure. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kituo cha hadaa hakitulii, hivyo jina linajipinga. Halijipingi. Ndege aliyetua tawi lisilo lake huruka tena, na bado alitua. Hadaa yenyewe haisikiki ila kwa sikio linalokijua kituo kamili.

Mwingine atauliza mtindo wa karne ya 18 una faida gani leo. Jibu liko kwa mtunzi George Walker, aliyezaliwa Washington mwaka 1922 na kutoa onyesho lake la kwanza la piano Howard akiwa na miaka 14. Katika Taasisi ya Curtis, Philadelphia, alipitia mafunzo makali ya Rosario Scalero, aliyemfundisha pia Samuel Barber. Sonata yake ya kwanza ya piano, ya 1953, ina sehemu ya mageuzi juu ya wimbo wa kienyeji wa Kentucky. Sonata zake za baadaye haziegemei tena do-mi-so, na mwaka 1996 akawa mtunzi wa kwanza Mweusi kupata Tuzo ya Pulitzer ya muziki. Aliiacha njia ya zamani akiwa anaijua, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kuchagua na kubahatisha.

Basi walimu wa piano na wa kwaya, kuanzia Silver Spring hadi Dodoma, walitumie neno hili darasani wiki hii: wampe mwanafunzi kituo nusu kimoja na kituo kamili kimoja, na wamwache atunge kilicho kati ya vituo hivyo.