Muziki wa kelele unapoandikwa kwa fidla na sello

Muziki wa chemba ni ule unaochezwa na kundi dogo, kila mwanamuziki akishika sehemu yake peke yake, kwa kawaida bila kiongozi wa kupunga kijiti. Kwa muda mrefu makundi hayo yalijulikana kwa kazi za Haydn na Beethoven. Hata hivyo, mwaka wa 1986 Kronos Quartet ya Marekani ilitoa albamu yenye wimbo wa Jimi Hendrix uliopangwa kwa fidla mbili, viola na sello.

Jaribio gumu zaidi lilifanyika Berlin, Ujerumani. Mwaka wa 1975 Lou Reed alikuwa ametoa Metal Machine Music, albamu ya zaidi ya saa moja isiyo na mashairi wala mdundo, bali mvumo wa gitaa na vikuza sauti pekee. Kundi la Zeitkratzer liliigeuza kuwa noti, likaicheza jukwaani mwaka wa 2002, Reed mwenyewe akishiriki kwa gitaa. Rekodi yake ilitoka 2007. Kilichodhaniwa kuwa fujo kilibainika kuwa na sauti zinazoweza kutenganishwa na kugawiwa fidla, tarumbeta na akodioni.

Nairobi ina pande zote mbili za kazi kama hiyo. Katika Barabara ya Harry Thuku, karibu na Kenya National Theatre, ipo Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa 1944. Nairobi Orchestra ilifuata 1947. Kilomita chache magharibi ziko kumbi za burudani za Westlands. Jiji hili pia ndilo lililowalea Martin Khanja na Sam Karugu wa kundi la Duma, ambao albamu yao ya roki ya majaribio ilirekodiwa Kampala na kutolewa 2020.

Anayetaka kuziunganisha pande hizo lazima kwanza apate idhini, kwani Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mtunzi mamlaka juu ya kazi yake kubadilishwa. Ustadi wenyewe si mgeni: katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, kwaya hushindana kwa nyimbo za kiasili zilizopangwa upya.

Faida yake ni kubwa. Kundi likivunjika, kanda hubaki ya kusikilizwa tu. Lakini noti humwezesha mwingine kuucheza muziki huo upya.