Usafiri wa ndani mjini Pattaya

Usafiri wa ndani mjini Pattaya, mji wa pwani katika Mkoa wa Chonburi nchini Uthai, hutegemea hasa magari madogo ya abiria yanayoitwa songthaew, pikipiki za abiria, magari yanayoitwa kwa programu ya simu, na boti zinazovuka kwenda kisiwa cha Koh Larn. Mji hauna treni ya mjini wala tramu. Wageni wengi hulipa zaidi ya wenyeji kwa safari ileile, mara nyingi kwa sababu hawajui desturi ya gari wanalopanda.

Mpangilio wa mji

Pattaya iko kwenye pwani ya mashariki ya Ghuba ya Uthai, takriban kilomita 150 kusini-mashariki kwa Bangkok. Ilikuwa kijiji cha wavuvi hadi wanajeshi wa Marekani walipoanza kwenda kupumzika huko kuanzia mwaka 1959. Mwaka 1978 ilipewa hadhi ya jiji lenye utawala wake maalumu.

Anayetaka kuelewa usafiri wa Pattaya aanze na barabara mbili. Beach Road hufuata ufuo kwa takriban kilomita 3, na magari yake huenda upande mmoja tu, kutoka kaskazini kwenda kusini. Sambamba nayo, upande wa bara, iko Second Road, ambayo magari yake huenda kinyume, kutoka kusini kwenda kaskazini. Kwa hiyo zote mbili ni duara moja refu. Kati yake kuna vichochoro vinavyoitwa soi, vyenye namba zinazoanzia kaskazini. Barabara tatu kubwa hukata mji kutoka baharini kwenda bara: Pattaya Nuea (ya kaskazini), Pattaya Klang (ya kati) na Pattaya Tai (ya kusini). Zote huishia kwenye Sukhumvit, barabara kuu namba 3 ya taifa, inayotoka Bangkok hadi Trat karibu na mpaka wa Kamboja. Kaskazini mwa ghuba kuna mtaa wa Naklua, na kusini, nyuma ya kilima, kuna ufuo wa Jomtien.

Songthaew

Songthaew ni pikapu iliyowekwa paa na mabenchi mawili nyuma, abiria wakikaa wakitazamana. Umbo lake halitakuwa geni kwa wanaokumbuka magari ya "chai maharage" ya Dar es Salaam na Unguja. Jina linatokana na maneno ya Kithai song, "mbili", na thaew, "safu". Kama ilivyo kwa matatu ya Kenya, jina limebeba namba, ila hapa namba inahesabu mabenchi, si sarafu za nauli.

Za Pattaya zina rangi ya buluu iliyoiva. Hazina ratiba wala vituo rasmi vya lazima. Abiria husimama kando ya barabara upande gari linakoelekea, hunyoosha mkono, na kupanda kwa nyuma. Akifika anakokwenda hubonyeza kitufe cha kengele kilicho darini, hushuka, kisha huenda kwenye dirisha la dereva kulipa. Hakuna kondakta na hakuna tiketi. Kwa miaka mingi nauli ya safari fupi kwenye duara la Beach Road na Second Road ilikuwa baht 10, yaani sarafu moja ile yenye rangi mbili. Kwenda Jomtien au Naklua mgeni hudaiwa mara nyingi zaidi ya hapo. Ni busara kuwa na chenji, kwa kuwa dereva aliyesimama katikati ya foleni hana subira na noti ya baht 1,000.

Jambo linalozua ugomvi mwingi ni tofauti kati ya kupanda na kukodi. Songthaew inayopita ikiwa na abiria ndani ni gari la wote. Lakini songthaew tupu iliyoegeshwa nje ya hoteli au duka kubwa husubiri mteja wa kuikodi, na mgeni anayemwendea dereva na kumuuliza "bei gani mpaka mahali fulani?" huchukuliwa kuwa anakodi gari zima. Bei atakayotajiwa inaweza kuwa mara kumi au ishirini ya nauli ya kawaida, na kwa desturi ya hapo si udanganyifu: aliuliza bei ya kukodi, akajibiwa. Ndiyo maana wenyeji hupanda kimya, hushuka kimya, na kulipa kiasi kamili. Anayehitaji kweli kukodi, kwa mfano usiku wa manane au akiwa na mizigo, apatane bei kabla ya kuingia.

Magari ya duara hayaendi kila mahali. Likifika kusini mwa Beach Road, gari huingia Pattaya Tai na kurudi kaskazini kwa Second Road, au huendelea Jomtien. Magari ya Jomtien hupatikana kwa wingi karibu na makutano ya Second Road na Pattaya Tai, ambako hupanga foleni na kuondoka yakijaa. Kwenye Sukhumvit kuna songthaew nyeupe, zinazotumiwa zaidi na wafanyakazi na wanafunzi kuliko watalii.

Pikipiki za abiria

Bodaboda za Pattaya huegeshwa kwenye mianzo ya soi na mbele ya masoko. Madereva wake huvaa vizibao vya rangi vyenye namba, na pikipiki zilizosajiliwa kwa biashara hiyo huwa na kibao cha namba cha rangi ya njano. Za binafsi huwa na kibao cheupe. Ni njia ya haraka kuliko zote wakati wa foleni, na karibu njia pekee ya kufika ndani ya vichochoro virefu upande wa mashariki wa Sukhumvit. Hapa desturi ni kinyume cha songthaew: bei hupatanwa kabla ya kupanda.

Teksi na programu za simu

Teksi zenye mita zipo, lakini madereva wengi mjini hupendelea kutaja bei ya jumla. Tuk-tuk za magurudumu matatu, ambazo wageni huzitarajia kwa sababu ya picha za Bangkok, ni adimu Pattaya. Programu za Grab na Bolt zimebadilisha hali hiyo kwa kuonyesha bei kabla ya safari. Zimeleta pia msuguano na madereva wa songthaew na pikipiki, ndiyo maana baadhi ya madereva wa programu humwomba abiria atembee kidogo, mbali na kijiwe, kabla ya kumpakia.

Kukodi pikipiki

Skuta za injini ya sentimita za ujazo 110 hadi 125 hukodishwa karibu kila mtaa, mara nyingi bila mwenye duka kuuliza leseni. Hapo ndipo hatari ilipo. Kwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, Uthai ilikadiriwa kuwa na vifo 32.7 vya barabarani kwa kila watu 100,000, na asilimia 74 ya waliokufa walikuwa kwenye vyombo vya magurudumu mawili au matatu. Sheria inadai leseni halali ya pikipiki; kwa mgeni, kibali cha kimataifa cha udereva kinachotaja gari pekee hakitoshi. Bima nyingi za safari hukataa kulipa gharama za hospitali za mtu aliyeumia akiendesha bila leseni inayofaa, na gharama hizo humwangukia yeye au ndugu zake nyumbani. Kofia ngumu ni lazima kwa dereva na abiria wake.

Magari huendeshwa upande wa kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Mgeni kutoka Kongo, Rwanda au Burundi anahitaji uangalifu zaidi, hata anapovuka kwa miguu. Wenye maduka wengi hutaka kushika pasipoti kama dhamana. Ni salama zaidi kutoa nakala yake pamoja na amana ya fedha, na kuipiga picha pikipiki pande zote kabla ya kuondoka nayo, maana madai ya mikwaruzo wakati wa kuirudisha ni malalamiko ya kawaida.

Boti za Koh Larn

Koh Larn iko zaidi kidogo ya kilomita 7 kutoka pwani. Boti za abiria huondoka gati ya Bali Hai, kusini mwa ghuba, kwenda kijiji cha Na Baan au ufuo wa Tawaen, na safari huchukua takriban dakika 40. Nauli yake kwa muda mrefu imekuwa baht 30. Boti za mwendo kasi huwahi zaidi lakini ni ghali mno kwa mtu mmoja. Kisiwani pia kuna songthaew na pikipiki. Boti ya mwisho ya kurudi huondoka mapema jioni, hivyo saa yake iulizwe wakati wa kushuka, si jua likizama.

Kufika Pattaya

Mabasi kutoka kituo cha Ekkamai, Bangkok, huishia kwenye kituo cha Pattaya Nuea, na yale ya uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi huenda hadi Jomtien; safari ni kama saa mbili. Uwanja wa U-Tapao uko takriban kilomita 40 kusini. Treni zipo lakini ni chache, na stesheni iko mashariki mwa Sukhumvit, mbali na ufuo. Mkataba wa reli ya mwendo kasi ya kuunganisha viwanja vitatu vya ndege kupitia Pattaya ulitiwa saini mwaka 2019, lakini mradi umechelewa.

Wakati wa sikukuu ya maji ya Songkran, ambayo Pattaya huifikisha kileleni tarehe 19 Aprili, siku kadhaa baada ya miji mingine, Beach Road hujaa watu na magari husimama kabisa. Siku hiyo anayewahi ndege huondoka asubuhi, na mizigo yake huifunga kwenye plastiki.