Mpango wa Uingereza na Rwanda: ulianzaje, ukafa vipi?

Uliwahi kusikia Uingereza inataka kupeleka waomba hifadhi Rwanda? Hii hapa kwa ufupi.

Ulikuwa mpango gani?
Aprili 2022, serikali ya Boris Johnson ilisaini makubaliano na Kigali. Aliyeingia Uingereza kinyemela, mfano kwa boti ndogo kutoka Ufaransa, angepelekwa Rwanda na ombi lake kusikilizwa huko. Akikubaliwa, anabaki Rwanda.

Kwa nini watu waligawanyika?
Waliouunga mkono walisema utavunja biashara ya wanaovusha watu kimagendo. Wapinzani wakasema ni kukwepa wajibu wa kulinda wakimbizi.

Mahakama je?
Juni 2022, ndege ya kwanza ilikwama uwanjani baada ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuingilia kati. Novemba 2023, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema mpango ni kinyume cha sheria, kwani wakimbizi wangeweza kurudishwa walikokimbia. Bunge likajibu Aprili 2024 kwa sheria inayoitamka Rwanda kuwa nchi salama.

Uliishaje?
Julai 2024, Keir Starmer aliingia madarakani na kuufuta. Serikali yake ilisema umekula pauni milioni 700. Walioenda? Wanne tu, tena kwa hiari.

Imebaki nini?
Imani imepungua pande zote mbili. Waliotaka boti zikome bado wanaziona zikija. Waliopinga wanakumbuka serikali iliyoshindwa mahakamani, ikabadilisha sheria.