Kiarabu cha Batha, Kiarabu cha Jeddah na Kiswahili chetu

Wengi mnaniuliza huku tunaongea lugha gani. Leo nawajibu, ila turudi nyuma kidogo kwenye historia.

Hapa Riyadh, mtaani Batha, utakuta Wapakistani, Wabangladeshi, Wafilipino na sisi tuliotoka Afrika. Tunaelewana kwa Kiarabu cha kuungaunga: "fi" maana yake ipo, "mafi" maana yake hakuna, basi, mambo yanakwenda. Lugha hii ilistawi baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 na wafanyakazi kumiminika Ghuba. Mwajiri naye huitumia kwa mfanyakazi wake. Inatosha kwa lete, peleka, safisha. Haitoshi kumjulia hali mgonjwa, wala kueleza dhuluma mbele ya hakimu.

Jeddah ni habari nyingine. Tangu Khalifa Uthman alipoufanya kuwa bandari ya Makka mwaka 647, mahujaji wameshukia pale, na wengine hawakurudi makwao. Majirani wakaazimana maneno na vyungu. Mpaka leo daraja huitwa "kubri", neno la Kituruki, na wali wa Kibukhari kutoka Asia ya Kati umekuwa chakula cha mji.

Na sisi je? Pwani yetu, mgeni ndiye aliyejifunza. Waarabu wa Oman na Hadhramaut walikuja, wakaoa, wajukuu wakakulia katika Kiswahili. Sultani Qaboos alipowaita watu wa Oman warudi baada ya mwaka 1970, wengi waliotoka Unguja walifika Maskati wakijua Kiswahili kuliko Kiarabu.

Lakini tusidanganyane. Januari 1964, wengi wa walioua na waliouawa Unguja walisema Kiswahili kilekile. Lugha moja haikuwa imefuta kumbukumbu ya utumwa wala ugomvi wa ardhi na utawala. Lugha bila haki haileti amani.

Hata hivyo, bila lugha hiyo haki utaidaije? Sheria ya kazi hapa, mkataba ukiwa na lugha mbili zinazopingana, hufuata Kiarabu. Kwa hiyo mdogo wangu unayejiandaa kuja, usingoje kufundishwa Batha. Ulichopata madrasa ni mwanzo mzuri, kiendeleze. Na waajiri nao wangejifunza japo salamu zetu, nyumba nyingi zingepoa.

Mnaonaje? Nisalimieni wazee.