Kiraka na Nguo Yake

Katika lugha yetu ya michezo, mchezaji anayeweza kushika nafasi yoyote uwanjani huitwa kiraka. Leo beki, kesho kiungo, keshokutwa mshambuliaji. Jina hilo hutolewa kwa heshima, lakini ukilifikiria kidogo utaona kuwa limebeba pia huzuni. Kiraka hushonwa mahali palipotoboka. Nguo nzima haihitaji kiraka, na nguo iliyochakaa kila upande haiokolewi na kiraka kimoja, hata kiwe cha kitambaa imara namna gani. Katika ukurasa huu nataka kumweleza kiraka mmoja wa Afrika Mashariki ambaye maisha yake ya uchezaji yamenifundisha jambo kuhusu kazi niliyoifanya mimi mwenyewe, yaani kazi ya kuongoza shule.

Jina lake ni Thomas Odoyo, na mchezo wake ni kriketi. Najua wasomaji wengi wa huku Bariadi watauliza kriketi ni kitu gani. Sisi Wasukuma tumelelewa na mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, kisha mpira wa miguu. Kriketi ilikuwa mchezo wa Waingereza na wa ndugu zetu wenye asili ya India, wale wenye maduka na vinu vya pamba, nayo ilichezwa mijini. Kwa kifupi ni hivi. Timu mbili za watu kumi na mmoja hupokezana. Moja hurusha mpira kuelekea vijiti vitatu vilivyosimikwa chini, ambavyo huitwa wiketi. Nyingine huvilinda kwa gongo na kukimbia kutafuta mikimbio. Mchezaji akitolewa, wiketi imeanguka. Zikianguka kumi, zamu ya timu imekwisha. Kwa kawaida mtu huwa hodari wa kurusha au wa kupiga. Anayeyaweza yote mawili kwa kiwango cha juu ni adimu, na huyo ndiye ninayemwita kiraka.

Afrika Mashariki iliingia mapema katika mashindano makubwa ya mchezo huu. Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Uingereza mwaka 1975, ilikuwapo timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilishindwa mechi zake zote tatu. Mmoja wa warushaji wake alikuwa Don Pringle wa Kenya, ambaye mwaka huohuo alifariki katika ajali ya gari. Mwanawe Derek, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1958, alisomea Uingereza akawa naye kiraka wa kriketi. Aliichezea klabu ya Essex kwa miaka kumi na mitano hivi, akaichezea Uingereza mechi 30 za siku tano, na katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1992 dhidi ya Pakistan aliangusha wiketi tatu kwa mikimbio 22 tu.

Namtaja Derek Pringle kwa sababu maalumu. Huyu na Odoyo wote wamezaliwa Nairobi, na wote walifanya kazi ileile ya kurusha na kupiga. Tofauti yao kubwa ilikuwa chombo kilichowabeba. Pringle alikuwa na klabu iliyomlipa kila kiangazi, yenye ratiba iliyojulikana mapema na vijana waliokuwa wakiandaliwa nyuma yake. Odoyo alikuwa na timu ya taifa, na timu ya taifa ilitegemea mashindano machache na chama cha michezo ambacho hakikuwa na utulivu.

Odoyo alizaliwa Mei 1978. Mwezi Februari 1996, akiwa bado na umri wa miaka 17, alisimama katika mji wa Cuttack kucheza dhidi ya India katika Kombe la Dunia. Umri huo ni wa kijana wa sekondari. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 29 Februari, alikuwa katika kikosi kilichoishangaza dunia mjini Pune. Kenya ilipata mikimbio 166, ambayo si mingi, lakini West Indies iliyokuwa na Brian Lara ikatolewa yote kwa 93. Fikiria klabu ya daraja la pili ya mkoani inaifunga Simba au Yanga huku nchi nzima ikitazama. Ndivyo ilivyokuwa.

Kisha ukaja mwaka 2003. Kombe la Dunia lilichezwa Afrika Kusini, na baadhi ya mechi Zimbabwe na Kenya. New Zealand ilikataa kwenda Nairobi kwa kuhofia usalama, miezi michache baada ya shambulio la Kikambala la Novemba 2002, nayo Kenya ikapewa pointi. Wapo waliosema Kenya ilipita kwa bahati. Lakini Sri Lanka ilikwenda Nairobi ikashindwa kwa mikimbio 53, na kijana Collins Obuya akaangusha wiketi tano. Bangladesh, ambayo tangu mwaka 2000 ilikuwa imepewa hadhi ya kucheza mechi za siku tano, heshima ya juu kabisa katika mchezo huo, ilishindwa mjini Johannesburg. Tarehe 12 Machi, kule Bloemfontein, ikaja zamu ya Zimbabwe. Zimbabwe ilitolewa kwa 133. Kenya ilipofikisha 135 huku ikiwa imepoteza wiketi tatu tu, waliosimama na magongo mkononi walikuwa Maurice Odumbe na Thomas Odoyo, huyu akiwa na mikimbio 43. Kenya ikaingia nusu fainali, ikashindwa na India mjini Durban. Hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya mechi za siku tano iliyowahi kufika hapo.

Kwa kawaida masimulizi ya michezo huishia kwenye ushindi. Mwalimu hawezi kuishia hapo, kwa kuwa kazi yake ni kuuliza kidato kinachofuata kina nani.

Tazama majina ya kikosi cha mwaka 2003. Walikuwapo ndugu watatu wa tumbo moja: Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya. Walikuwapo Martin na Tony Suji. Nahodha alikuwa Steve Tikolo, ambaye ndugu yake David alikuwa amecheza Kombe la Dunia la 1996, kama alivyocheza Edward, ndugu yake Maurice Odumbe. Ni fahari kwa familia hizo. Lakini ni dalili pia. Mchezo wa taifa zima ulikuwa umebebwa na nyumba chache za jiji moja.

Sisi wakulima wa pamba wa Simiyu tunaielewa hali hiyo vizuri. Pamba ikichambuliwa, nyuzi huenda zake na mbegu hubaki. Sehemu ya mbegu hukamuliwa mafuta, na sehemu hutengwa ili irudi shambani msimu ujao. Mwenye kinu akikamua mbegu zote atapata fedha nyingi mwaka huo, na mwaka unaofuata mkulima atasimama shambani mikono mitupu. Kenya ilikamua mbegu zake zote mwaka 2003.

Yaliyofuata yanasikitisha. Mwezi Agosti 2004 Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano na mtu wa kamari. Ukazuka mgogoro wa malipo kati ya wachezaji na chama, wachezaji wakagoma, na mwaka 2005 chama kile kikavunjwa na kuundwa kingine. Kati ya Septemba 2004 na mwanzoni mwa mwaka 2006 Kenya haikucheza hata mechi moja rasmi ya kimataifa ya siku moja. Odoyo alikuwa na miaka 26, kisha 27. Mwili wa mrushaji wa mpira wa kasi huwa katika ubora wake umri huo, na miaka hiyo hairudishwi na mtu. Mwezi Agosti 2005 alipata nafasi ya kuchezea timu ya pamoja ya Afrika dhidi ya timu ya Asia, akipanga mstari mmoja na wakubwa wa Afrika Kusini na Zimbabwe. Mtu aliyefaa kuichezea Afrika alikuwa hana mechi za kuichezea nchi yake.

Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimtangaza kuwa mchezaji bora wa nchi zisizo na hadhi ya mechi za siku tano, na Oktoba mwaka huo alipiga mikimbio 111 bila kutolewa dhidi ya Canada mjini Nairobi. Alicheza Kombe la Dunia mara tano, tangu 1996 hadi 2011. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka nchi za daraja lake kufikisha wiketi 100 katika mechi za kimataifa za siku moja, na alipomaliza alikuwa na wiketi zaidi ya 140 na mikimbio zaidi ya 2,400. Mtu mmoja alifanya kazi ya wawili kwa miaka kumi na mitano.

Nimewahi kuongoza shule yenye mwalimu wa namna hiyo. Alifundisha hisabati na fizikia, alisimamia michezo, na mvua ikiezua paa ni yeye aliyepanda na nyundo. Wakaguzi walipokuja walitusifu, na sifa zile zote zilikuwa zake. Mara nne niliandika kuomba mwalimu wa pili wa hisabati. Jibu lililokuja lilikuwa kwamba shule inafanya vizuri, kwa hiyo haina upungufu. Alipohamishwa, matokeo ya hisabati yalianguka ndani ya miaka miwili, na wale waliotusifu wakauliza walimu wazembe ni akina nani. Ubora wa mtu mmoja ulikuwa umelificha tundu lisionekane na wenye mamlaka ya kuliziba.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Kenya. Mwanzoni mwa mwaka 2014 ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja, na tangu mwaka 2011 haijarudi katika Kombe la Dunia la mechi hizo. Odoyo alirudi kama kocha mkuu. Mwezi Februari 2018 timu yake ilishuka daraja katika mashindano yaliyofanyika Windhoek, naye akajiuzulu. Wapo waliomlaumu. Mimi naona alikuwa ameitwa tena kuziba tundu, safari hii akiwa nje ya uwanja, na nguo ilikuwa imekwisha.

Uzoefu wa kizazi kile haukupotea wote. Steve Tikolo alivuka mipaka akawafundisha Waganda, kisha akaifundisha timu yetu ya Tanzania. Mwaka 2024 Uganda ilicheza kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la mechi fupi. Mwaka 2025 vijana wetu wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 19 walifuzu, nao kwa mara ya kwanza, kucheza Kombe la Dunia la vijana. Nilipopata habari hiyo nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahia ushindi wa timu ya wakubwa, kwa kuwa vijana ni mbegu.

Ombi langu kwa wanaosimamia vijana hao, na kwa kila mkuu wa shule atakayesoma haya, ni moja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukimpata mtu anayeweza kazi zote, mshukuru, mlipe haki yake kwa wakati, kisha mwaka huohuo anza kumtafutia wawili wa kumrithi. Usingoje achoke.